Kompyuta Aliyoilaza Arnold

Nyumbani kwetu Iyolwa, mtu akiondoka kwenda safari, ua haufagiliwi mpaka tusikie amefika. Mama alikuwa mkali kwa hilo. Ukishika ufagio mapema alikunyang'anya, akakuambia unamfagia mwenzako njiani. Mimi niliipenda sheria hiyo kwa sababu ya uvivu wangu tu. Baba akienda mnadani, mchana kutwa sigusi takataka. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja sheria hiyo ingenitoa Busia ya Kenya Jumamosi asubuhi, dukani kwangu kwa kompyuta wateja wamejaa, niende Mukuju, Uganda, kuhangaika na kompyuta ya mtu ambaye sitaki hata kusikia jina lake.

Mtu huyo ni Arnold Oketcho, kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa mwalimu wa sekondari pale Mukuju, na shule za jirani zilimpa kazi ya kuchapa ripoti za wanafunzi mwisho wa muhula. Programu aliyoizoea kwa kazi hiyo ilikuwa kuukuu, haikutaka kukaa kwenye kompyuta mpya. Basi Arnold, ambaye kichwa chake Mungu alikijaza halafu akasahau kujaza upande wa moyo, aliweka kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Si mzaha. Kuna programu inayofanya hivyo: unafungua dirisha, na ndani ya dirisha hilo kuna kompyuta nyingine nzima, ina skrini yake, mafaili yake na kitufe chake cha kuzimia, na yenyewe haijui kwamba inaishi tumboni mwa nyingine.

Kisha akaenda Juba kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye sikukuu kwa sikukuu, baadaye kimya. Habari zikatufikia kwa madereva wa malori: ana nyumba nyingine kule, ana mwanamke, ana mtoto anayetembea. Nilimpigia nikamtukana mpaka sauti ikanikauka, naye akabadilisha namba. Habari hizo nilimpelekea mkewe mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwa sababu sikutaka azipate sokoni. Amulen alinisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Amulen ni Mwateso wa Osukuru, fundi cherehani. Anashona gomesi, yale magauni ya heshima ya akina mama, na sare za shule kwenye baraza la duka la mtu, pale senta ya Mukuju, na mvua ikija kwa upande anaifunika cherehani kwa nailoni na kuikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kiateso changu mimi ni cha kuulizia bei, na Kidhopadhola chetu kwake ni cha kuitikia kanisani, kwa hiyo tangu siku alipoolewa tumekutana katikati, kwa Kiswahili. Ananiita Senga, yaani shangazi, kama binti yake Joanita anavyoniita. Mimi namwita Mama Joanita. Kaka yangu alimwacha, mimi sijamwacha.

Simu yake ya Ijumaa ndiyo iliyonipeleka. "Senga," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ile mashine ya Arnold nakataa kuamuka."

Nilijua anasema mashine gani. Usiku ule kaka yangu alipoondoka, ile kompyuta ya ndani hakuizima. Aliilaza. Programu ile inaruhusu jambo hilo: kompyuta ya ndani inasimama palepale ilipo, kila kilichokuwa wazi kinabaki wazi, hata neno lililoandikwa nusu linabaki nusu, mpaka siku utakapoiamsha. Kwenye orodha pembeni, karibu na jina lake, panaandikwa kwamba hali yake imehifadhiwa. Amulen aliliona neno hilo siku nyingi zilizopita, akaniuliza maana yake, nikamweleza. Tangu hapo hakumruhusu mtu aiguse. Hata yeye mwenyewe hakuiamsha. Joanita alikuwa akifanya kazi zake za shule kwenye kompyuta ya nje, na kila mara mama yake alimkumbusha asiguse ya baba.

"Mtu anaenda harudi, anazima," Amulen aliniambia wakati ule. "Arnold amelaza. Mtu analaza kitu nataka kuikuta akirudi."

Huo ndio ulikuwa ushahidi wake wote. Si simu, si barua, si mjumbe. Ukoo mzima ulikuwa umeshamzika kaka yangu akiwa hai, na mwanamke mmoja, ambaye kwake safari hiyo ilikuwa bado haijaisha, alikuwa hajafagia ua, kwa sababu ndani ya kompyuta kulikuwa na kitu kilicholala, na aliamini hilo ndilo neno la mwisho la mumewe kwake.

Nami nilikuwa na jambo la kumwambia ambalo sikuwahi kulitoa mdomoni. Mtu akibofya alama ya kufunga dirisha lile, programu inamuuliza: nilaze, nizime kwa utaratibu, au nikate umeme? Na alama ya kuchagua inakuwa imeshawekwa tayari kwenye jibu la kwanza. Mwenye haraka anabofya sawa, anakwenda zake. Hakuchagua chochote. Amechaguliwa. Nawaona watu wa namna hiyo dukani kwangu kila siku, wanabofya sawa kabla hata sentensi haijaisha kuandikwa.

Nilivuka mpaka asubuhi, nikapanda bodaboda ya upande wa Uganda, nikafika Mukuju jua likiwa bado la kirafiki. Begani nilikuwa na mkoba wenye diski ya nje na matoleo kadhaa ya zamani ya programu ile, niliyoyapakua jioni iliyotangulia, baada ya kukisia ugonjwa, kutoka kwa wenyewe walioitengeneza, maana huwa wanayaweka matoleo yao ya nyuma kwa watu wenye matatizo kama yetu. Amulen alinipokea kwa mikono miwili, akaninyang'anya mkoba, akaniwekea chai kabla sijakaa.

"Nilifanya nini, Senga? Ilikuja karatasi kwa skrini, nauliza. Nikasema ndiyo."

"Iliuliza nini?"

"Sijui. Mimi naona inauliza, nikasema ndiyo."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka. Sisi watu wa mpakani ndivyo tulivyolelewa. Afisa akikuuliza, jibu la kwanza ni ndiyo. Swali lenyewe utalielewa mbele ya safari. Ile karatasi ya skrini ilikuwa inaomba ruhusa ya kuweka toleo jipya, na Amulen aliiruhusu kama anavyoruhusu mtu afungue mfuko wake pale kaunta ya mpakani. Toleo jipya likaja, likakuta kompyuta iliyolazwa na toleo la zamani, likashindwa kuiamsha.

Na hakukuwa na njia ya kuiacha hivyo. Joanita alikuwa amepata nafasi ya chuo Mbale, na kompyuta ile ndiyo pekee ya kwenda naye. Diski ilikuwa imejaa hadi shingoni, na zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa ya kitu cha Arnold kilicholala. Ilibidi kitoke. Joanita mwenyewe alikuwa Osukuru kwa bibi yake, akimuaga, na nadhani aliondoka makusudi.

"Naweza kuitoa," nilimwambia Amulen. "Lakini nikiitoa hivi ilivyo, kile kilichokuwa wazi siku ile kitapotea. Hakitarudi kabisa. Kwanza turudishe toleo la zamani, tuiamshe, tuone kuna nini, tuizime kwa heshima. Ndipo tuitoe."

"Na ikikataa hata na hiyo ya zamani?"

"Basi imekataa."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, kile kisicho na egemeo, akashika mikono yake mapajani. "Fanya," akasema. "Lakini pole pole."

Nilianza. Kwanza niliifungua ile programu nione mwenyewe. Kweli, nilipojaribu kuiamsha ilinijibu kwamba hali iliyohifadhiwa haisomeki na toleo hili. Halafu, kwa adabu zote, ikaniwekea kitufe cha kuitupa hali hiyo. Ukikibofya, kompyuta ya ndani inaanza upya, safi, haina kumbukumbu ya ilichokuwa ikifanya. Ni sawa na kung'oa waya ukutani.

Naomba nieleweke. Kidole changu kilisimama juu ya kitufe kile na nilikuwa na hamu nacho. Mbofyo mmoja. Ningegeuka nikamwambia, pole Mama Joanita, imekataa, na asingeweza kujua tofauti. Angelia siku hiyo, angelala, kisha angeamka mwanamke asiye na cha kusubiri. Miaka yote hii nimekuwa nikiomba aamke hivyo. Nilimchukia Arnold kwa nguvu mpya nikiwa nimeshika panya ile, kwa sababu alikuwa amekaa Juba anakula samaki na mimi ndiye niliyeachiwa kuamua mkewe aponywe kwa njia gani.

"Senga, hapo wanauliza nini?" Amulen alisema nyuma yangu.

Aliuliza tu. Alikuwa ameshajifunza kutosema ndiyo kabla ya kuuliza, na nikaona kwamba nikimdanganya wakati huo nitakuwa namdanganya mtu aliyeanza kufumbua macho.

"Wanauliza kama tuitupe," nikasema. "Nawaambia hapana."

Nikafunga. Nikatafuta folda ambamo kompyuta ya ndani inakaa, nikainakili yote kwenye diski yangu ya nje, diski yake kubwa na lile faili la usingizi pamoja. Hiyo ilikuwa tahadhari tu. Kulala kwa namna hii kunafungamana na mwili wa kompyuta iliyolaza, na ukihamishia kwingine mara nyingi hakuamki. Lakini mtu akikosea hapa, bado ana pa kurudia. Kunakili kulichukua muda mrefu. Tulikunywa chai, tukala mihogo, Amulen akashona kola ya sare ya mtu, na mstari wa kijani ukawa unajikokota kwenye skrini. Nje wauza mkaa walikuwa wanabishana.

Ndipo nikaitoa programu mpya. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nilimwita asogee aone. Nilimwonyesha kwamba kuondoa programu si kuondoa kompyuta iliyo ndani, ni kama kubomoa kibanda cha mlinzi wakati mali iko stoo. Ubaya ni pale mtu anapofungua programu yenyewe na kuchagua kufuta kompyuta ya ndani na mafaili yake yote. Hilo sikuligusa. Nilipitia njia ya kawaida ya kuondoa programu, nikasoma kila swali kwa sauti, nikalitafsiri, na kila nilipojibu nilimwambia nimejibu nini. Nikazima kompyuta nzima, nikaiwasha. Nikaweka toleo la zamani, lile lile, namba kwa namba, kama nilivyoisoma kwenye faili la kumbukumbu la kompyuta ya ndani, maana toleo la jirani lingetuletea maneno yale yale. Lilipouliza kama litafute matoleo mapya, nilijibu hapana kwa sauti ya juu mpaka Amulen akatabasamu.

Nilipofungua, jina lilikuwepo pembeni, na chini yake palikuwa pameandikwa kwamba hali imehifadhiwa.

"Amsha wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Ni ya mume wako. Bonyeza hapa."

Alifuta mkono kwenye gauni, akashika panya kwa vidole vyake vya fundi, akabonyeza. Dirisha likafunguka jeusi. Mstari ukatembea. Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu, na nitasema kweli, mimi pia nilikuwa naogopa. Niliogopa kukuta picha ya yule mwanamke. Niliogopa kukuta barua tamu itakayomfunga miaka mingine kumi. Kwa Arnold yote mawili yaliwezekana.

Mwanga ukaja. Ilikuwa skrini ya zamani yenye mlima wa kijani na anga ya bluu, na juu yake palikuwa na programu ya kuchorea, ile ya watoto, na ndani yake mchoro wa mistari myeusi. Katikati ya vyote palikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu chenye swali kwa Kiingereza, na vitufe chini yake.

Nilikisoma kimoyomoyo mara mbili.

"Nini?" Amulen akauliza. "Inasema nini?"

Sikutaka kumwambia na nilimwambia. "Alikuwa anaizima, Mama Joanita. Arnold aliiambia ijizime. Sasa kabla haijazima ikamuuliza: huu mchoro umeubadilisha, nihifadhi mabadiliko au nisihifadhi? Ndilo swali hili."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Alifunga dirisha la nje, akaenda. Ndiyo maana ikalala." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika pale, nikamaliza. "Na kulaza hakukuwa uamuzi. Ukifunga hivyo, jibu la kulaza linakuwa limeshawekwa tayari. Mtu anabofya sawa tu. Nimejua hilo siku zote na nilishindwa kukuambia."

Alikaa. Hakulia. Aliangalia kisanduku kile kwa muda, na nikaona uso wake ukifanya hesabu ambayo sikuwa na ruhusa ya kuisaidia.

"Kwa hiyo alikuwa anazima," akasema.

"Ndiyo."

"Ikamuuliza, akaenda."

"Ndiyo."

Alicheka kidogo puani, kicheko ambacho sikukipenda. "Hata mimi nilimuuliza. Siku ile, kwa mlango. Nikamuuliza, utarudi Krismasi? Akasema gari linanisubiri." Akajikuna mkono. "Senga, hii inauliza mpaka leo."

Nilimshika bega. Nilimwambia kwamba kaka yangu ni mpumbavu, kwamba nampenda yeye zaidi ya huyo, kwamba tunaweza kubofya hapana, tufunge, twende tukale samosa senta. Nilisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna lililomfikia. Alikuwa ameinama mbele, anaangalia mchoro uliokuwa nyuma ya kisanduku.

"Hii ni nyumba yetu," akasema.

Kweli ilikuwa ramani ya nyumba. Wana kiwanja nyuma ya senta, walikinunua pamoja wakati wa mapenzi, wakachoma matofali. Arnold alikuwa anachora ramani jioni, akibishana na mkewe milango ikae wapi. Kisha Juba ikaingia katikati, na matofali yakaota majani. Sasa ramani ilikuwa mbele yetu, sebule, vyumba vya kulala, jiko la nje, kila kimoja kimeandikwa kwa herufi nzuri za kompyuta. Kisanduku cha swali kilifunika upande wa kulia.

"Alibadilisha nini?" Amulen akauliza.

"Sijui."

"Nikisema hapana?"

"Itarudi ilivyokuwa kabla hajabadilisha. Na tulichokiona hapa kitapotea."

"Nikisema ndiyo?"

"Itabaki hivi, halafu itajizima yenyewe. Itamaliza alichoanza."

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo ni acha kwanza. Hutaki kuzima, hutaki kuhifadhi. Unataka kuangalia."

"Acha kwanza," akasema Amulen.

Nilibonyeza mimi. Kisanduku kikaondoka na upande wa kulia ukafunuka. Pale mbele ya nyumba, kikiwa kimeshikana na sebule, kulikuwa na chumba kingine. Hakikuchorwa kwa rula kama vile vingine. Kilichorwa kwa haraka, mistari imepinda, ukuta mmoja haukukutana na mwenzake kwenye kona. Kilikuwa na dirisha kubwa upande wa barabara, kubwa kuliko la sebule. Ndani yake, kwa mkono wa panya, herufi zikiwa zinayumba kama za mtoto wa darasa la kwanza, pameandikwa CHEREHANI.

Nilifungua programu ya kuchorea mara ya pili, pembeni, nikauita mchoro ule ule kama ulivyohifadhiwa kabla. Nikaziweka nyumba mbili zikitazamana. Kwenye ile ya kwanza, sebule, vyumba, jiko. Hakuna cherehani. Pale chumba kilipo palikuwa patupu.

Amulen alizitazama zote mbili, akaweka kidole juu ya kioo, kwenye lile dirisha.

"Hii niliomba," akasema. "Nilimwambia, mimi nataka dirisha mteja anione kutoka barabara. Akasema ni pesa ya bure. Tukagombana wiki nzima. Kumbe aliweka."

Ingekuwa rahisi kwangu kama tungekuta uchafu. Ningejua la kufanya na hasira yangu. Lakini kaka yangu, usiku ule, sanduku lake likiwa mlangoni na gari linamngoja barabarani, alikaa hapa akamchorea mkewe chumba. Kisha akaulizwa swali dogo, nihifadhi au nisihifadhi, na hilo likamshinda. Hata leo, nikifikiria sana, sijui nimsamehe kwa la kwanza au nimnyonge kwa la pili.

"Alikupenda," nikasema, na nilijisikia mjinga nikilisema.

"Labda," akasema Amulen. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akanisukuma kwa nyonga, taratibu, kama anavyomsukuma mteja anayesimama kwenye mwanga wake. "Nionyeshe wanahifadhi wapi."

Nikamwonyesha. Alihifadhi ile yenye chumba. Hakuniuliza kama nakubaliana naye. Kisha nikamsaidia kuutoa mchoro ule kutoka kompyuta ya ndani, kuupeleka ya nje, na kuuweka kwenye flashi ya Joanita, na nikafungua nakala zote nione kwamba zinafunguka kweli, maana nimeona watu wakitembea na flashi tupu wakiamini wamebeba kitu. Ripoti za wanafunzi tuliziacha. Watoto wale wengi wao sasa wana watoto.

"Sasa izime," nikasema. "Siyo kufunga dirisha. Kuzima."

Alikwenda kwenye kitufe cha kuzimia cha kompyuta ya ndani, akabonyeza. Safari hii haikuuliza kitu. Ilitoa ule muziki wake mfupi wa kuaga, skrini ikawa ya bluu, ikawa nyeusi, dirisha likajifunga lenyewe. Pembeni, chini ya jina, palipokuwa pameandikwa hali imehifadhiwa, pakaandikwa imezimwa. Amulen alilisoma neno hilo mwenyewe, kwa kidole, kisha akaniambia niendelee.

Nilifuta kompyuta ya ndani na mafaili yake, safari hii kwa makusudi, nikaiondoa programu, nikafagia mabaki yaliyokuwa yamejificha kwenye folda, na kompyuta ya Joanita ikapata nafasi, ikaanza kufungua vitu upesi kama imevua koti. Ile nakala kwenye diski yangu ya nje nilimuuliza niifanyeje.

"Ni ya kaka yako," akasema. "Wewe utajua." Sikuifuta siku ile. Niliifuta baadaye, Busia, baada ya kuihesabu kama mali ya mtu na kuona kwamba mwenye mali ameshalipwa, kwa ule mchoro wake uliohifadhiwa.

Nilipotoka nje kuita bodaboda, nilimkuta ameshika ufagio. Alikuwa anafagia ua wote, kutoka mlangoni mpaka barabarani, pole pole, vumbi likimpanda miguuni. Nilisimama nikamwangalia. Kisha nikamwambia, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha sana, kwamba mimi bado sijafika nyumbani, asinifagie njiani.

"Wewe utafika," akasema. "Wewe nakuja kila wakati."

Nililia kwenye bodaboda mpaka kijana wa watu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, aangalie mashimo.

Mwezi uliofuata nilirudi Mukuju, maana Amulen aliniita niwe shahidi wa mapatano ya ujenzi. Tulikwenda kiwanjani na Ikwap, mwashi mmoja mrefu wa huko kwao Osukuru, ambaye husema kidogo na kupiga chafya sana. Majani yalikuwa yamekatwa. Matofali mengi yalikuwa bado mazima. Amulen alitoa ramani, niliyokuwa nimeichapa dukani kwangu kwenye karatasi kubwa, mistari iliyonyooka na ile iliyopinda, akaitandika juu ya matofali na kuiwekea jiwe kila kona.

Ikwap aliinama akaisoma kwa makini. Akaweka kidole chake kwenye sebule.

"Tunaanza hapa?"

"Hapana. Hapa." Amulen alimwonyesha chumba kilichochorwa vibaya. "Hii kona haijafunga, wewe utaifunga. Na dirisha iwe kubwa hivyo hivyo. Usipunguze."

"Na hizi zingine? Sebule, hizi za kulala?"

Amulen alitazama karatasi. Nilidhani angesema baadaye, au Mungu akijalia, kama tunavyosema sote tusipotaka kujibu.

"Hizo, yeye akija atajenga," akasema. "Mimi nataka hii yangu."

Ikwap alipiga chafya, akatoa kamba ya kupimia mfukoni, akanipa ncha moja nishike.